Soksi za Mzazi

"Hongera sana, dada. Wa kike au wa kiume?"

Faidha aliinua macho kutoka kwenye rundo la soksi. Mkono wake ulikuwa umezama hadi kiganjani ndani ya soksi moja ya sufi, nyeupe ya maziwa, vidole amevitanua humo ndani kuupima unene wake.

"Wa kike au wa kiume nani?"

"Mtoto," alisema muuzaji.

"Mtoto gani?"

Muuzaji huyo aliitwa Alfani. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na moja, mrefu, shati la drafti limekunjwa mikono hadi kwenye viwiko, na miguuni kandambili, kwa sababu ingawa maisha yake yalikuwa soksi, yeye mwenyewe hakuwa mvaaji. Jua la Februari lilikuwa limekaa juu ya mabati ya soko la Masasi tangu asubuhi na halikuonyesha dalili ya kuondoka. Watu walipita wakijipepea kwa vifuniko vya maboksi. Katika joto kama hilo, soksi nzito huwa na mteja mmoja tu, nyumba yenye mzazi. Mwanamke akijifungua, hata kama nje kuku wanatoa ndimi, atavishwa sweta, atavishwa soksi, atanyweshwa uji wa pilipili manga, asije akaingiwa na ubaridi. Alfani alishawauzia akina bibi wengi soksi za namna hiyo, na kila mara alisema hongera, na kila mara aliitikiwa.

"Sina mtoto, sina mume, na soksi ni zangu," alisema Faidha. "Natoka Newala."

"Ahaa. Newala." Alimtazama upya. Alikuwa amevaa dera la zambarau lenye maua ya njano, pana, lile vazi ambalo halitoi siri ya mtu, na ushungi mweusi uliomzunguka uso mdogo wenye macho ya utundu. "Nimefika Newala mara mbili, zote msimu wa korosho. Sikuona baridi."

"Njoo Juni. Ukungu unaingia hadi chumbani bila kupiga hodi."

"Na wewe ukiwa chumbani unafanya nini mpaka utake soksi?"

Swali lilikuwa la hovyo kidogo, na Alfani alilijua hilo baada ya kulitoa. Lakini Faidha alicheka. Alimweleza kwamba yeye ni fundi cherehani, anashonea nyumbani, chumba cha mbele chenye sakafu ya saruji, na cherehani lake ni la kukanyaga. Asubuhi ya Juni lile pedali la chuma huwa kama limetoka mtoni. Kwa hiyo soksi iwe ya joto, lakini wayo usiwe mnene sana, mguu usije ukashindwa kulisikia pedali. Isibane kifundo, maana fundi anakaa siku nzima. Na isiteleze kwenye saruji.

"Hii inabana," alisema, akaitupa. "Hii itaniangusha. Hii ya maziwa ndiyo yenyewe, lakini mwenzake yuko wapi?"

Wakaanza kumtafuta mwenzake. Soksi za mtumba husafiri kama watoto kwenye sherehe, zinatoka nyumbani mbili mbili na kufika zimetawanyika. Alfani alipekua upande wake, Faidha upande wake, na katikati ya rundo mikono yao ilikutana zaidi ya mara moja, na hakuna aliyeomba radhi.

"Hayupo," alisema Alfani hatimaye. "Lakini kesho nafungua mzigo mwingine. Niachie namba, nikimpata nikupigie."

Faidha akaandika namba. Mwenzake yule wa maziwa alikuwa chini ya goti la Alfani muda wote huo.

Simu ya kwanza ilipigwa jioni hiyo hiyo.

"Haloo, fundi."

"Nani mwenzangu?"

"Yule uliyemwachia soksi moja."

"Umepata mwenzake?"

"Nimempata. Amesema hataki kusafiri kwa basi, mpaka aje kuchukuliwa na mwenyewe."

"Soksi yako ina maneno mengi."

"Amejifunza kwa mwenye duka."

Faidha alikuja kuichukua wiki iliyofuata, kwa kisingizio cha kununua vitenge, na akaendelea kuja. Wakikaa kwenye benchi nyuma ya soko, wakila ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha na chumvi, Alfani alimwuliza maswali. Alikuwa mtu wa kuuliza, ndivyo alivyoumbwa. Kwa nini wa Newala wanalala mapema? Cherehani likikatika mkanda linalia vipi? Mtu aliyevaa soksi ndani ya nyumba anajisikiaje, anajiona mgeni au mwenyeji? Kwa swali hilo la mwisho Faidha alimwambia ajaribu mwenyewe.

"Nimevaa," aliripoti Alfani kwa simu usiku mmoja.

"Ukajisikiaje?"

"Kama miguu imetiwa kwenye sufuria na kufunikwa."

"Umevaa zipi?"

"Nyeusi, za shule."

"Hizo si za nyumbani, mpenzi. Za shule zimefundishwa kukimbia kengele. Za nyumbani ziwe laini, zimelegea, zinakungoja."

Neno mpenzi lilikuwa limetoka kwa mara ya kwanza, limepita katikati ya soksi, na kila mmoja alikuwa amelisikia.

"Rudia," alisema Alfani.

"Nirudie nini? Nimesema zilegee."

Tangu siku hiyo kila mzigo uliofunguliwa, soksi bora ya kike yenye sufi iliwekwa pembeni. Alfani alianza kumwambia mama yake kuhusu msichana wa Newala, na alianza kuuliza bei za magodoro bila sababu ya kueleweka. Alikuwa anampenda, basi. Alipanga baada ya mavuno ya choroko apeleke posa.

Halafu Aprili ikafika, na Faidha akaacha kuja Masasi.

"Kuna jambo nyumbani," alisema kwenye simu.

"Jambo gani?"

"La nyumbani. Likiisha nitakuambia."

"Baya?"

"Jema, inshallah. Ila usiniulize, tafadhali."

Kumwambia Alfani asiulize ni kama kumwambia mbuzi asinuse unga. Wewe msomaji nitakuambia, maana huna wa kumpelekea. Dada yake Faidha, Anifa, alikuwa mjamzito. Mimba mbili za mwanzo zilimharibikia, na zote zilikuwa zimetangazwa mapema, zikashangiliwa na mtaa mzima. Safari hii mama yao alifunga midomo ya nyumba. Anifa alirudishwa kwao kutoka kwa mumewe, akalazwa chumba cha ndani, na Faidha akaapishwa kwamba hata kivuli chake hakitajua. Mtu haapishwi halafu akaenda kusimulia kwenye simu, hata kama upande wa pili kuna sauti anayoipenda.

Kwa hiyo Alfani akabaki na mafumbo. Kwa nini Faidha anapokea simu kwa kunong'ona? Kwa nini hapigi tena simu za video? Mwezi wa sita ulipoingia alishindwa kuvumilia. Alijaza soksi kwenye mfuko, akapanda gari la asubuhi kwenda Newala bila kumwambia mtu.

Gari lilipopanda uwanda wa juu, hewa ilibadilika. Kwanza vioo viliingiwa na ukungu, kisha vidole vya Alfani, vilivyokuwa wazi kwenye kandambili, vikaanza kuuma. Alivikunja, akavikalia. Hapo ndipo alipoelewa kwamba yale yote aliyoambiwa kuhusu pedali la chuma hayakuwa madaha. Stendi ya Newala aliuliza kwa Faidha fundi, akaonyeshwa nyumba ya bati nyuma ya mikorosho miwili, na akabisha hodi huku meno yanagongana.

Mlango ulifunguka nusu. Faidha alisimama pale amevaa sweta zito la kahawia, kitenge kimefungwa kwa nguvu kiunoni, kilemba kichwani. Miguuni alikuwa na zile soksi za maziwa. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kukosa usingizi, na mkononi alishika kikombe cha uji uliotoa moshi na harufu ya pilipili manga.

Ndani ya nyumba, mtoto mchanga akalia.

"Alfani," alisema Faidha kwa sauti ndogo. "Umefikaje?"

"Nilitaka kukuona."

"Huwezi kuingia. Si siku ya mgeni mwanaume leo, nisamehe. Nitakueleza."

Alfani alitazama sweta. Akatazama soksi. Akatazama uji. Miaka saba ya kuuza soksi ilikuwa imemfundisha jambo moja tu kuhusu mwanamke aliyevaa hivyo.

"Hongera," alisema.

"Asante," alijibu Faidha, na akatabasamu, kwa kuwa nyumba iliyopata mtoto hupongezwa, na yeyote aliyemo huitikia.

Alfani aliuweka mfuko wa soksi kizingitini, akageuka, akaenda zake.

Uji ulikuwa wa Anifa. Mtoto alikuwa wa Anifa. Faidha alikuwa amekesha akimbeba mpwa wake ili dada yake alale, na alivaa sweta na soksi kwa sababu ile ile inayowafanya watu wote wa Newala wavae sweta na soksi mwezi wa sita. Lakini Alfani alikuwa mtu wa Masasi. Njia nzima ya kurudi alipanga vipande, na kila kipande kilikaa mahali pake. Soksi alizinunua mapema, joto la Februari, kwa nini? Alikuwa anajiandaa. Dera pana kila siku, kwa nini? Mimba ya kwanza hujificha, na dera huificha zaidi. Na siku ile ya kwanza, alipopewa hongera, si alikana upesi?

Usiku huo simu yake ililia, ni Faidha, hakupokea. Ililia kesho yake, na keshokutwa. Baadaye ikaacha.

Kule Newala, Faidha alikuwa na mafumbo yake. Amekasirika kwa sababu hakukaribishwa ndani? Mtu mzima hajui adabu ya nyumba yenye kichanga? Aliumia, kisha akachukia kwamba ameumia. Zile soksi za maziwa alizivua, akazitupa chini ya kitanda, akakaa kwenye cherehani miguu mitupu. Kufika saa nne asubuhi akazitoa tena, maana baridi haijui ugomvi wa watu.

"Yule kijana wa kwenye simu kaishia wapi?" Anifa alimwuliza, amelala na mtoto kifuani.

"Sijui, dada."

"Umemkosea?"

"Ndicho ninachojiuliza. Sijui nilichofanya."

Na alipolisema hilo alilia, kilio cha kweli, mpaka Anifa akasogea ampe nafasi kitandani.

Masasi nako hali haikuwa njema. Mama Alfani alipoambiwa habari ya msichana aliyezaa, hakuzunguka. "Achana naye, mwanangu. Alikuwa na mtu wake." Alfani alijaribu kuachana naye. Alijaribu wiki moja, akajaribu ya pili. Tatizo ni kwamba kila belo la mtumba likifunguliwa mkono wake uliingia wenyewe ndani ya soksi na kupima unene. Alikuwa na hasira, alikuwa na uchungu, na chini ya vyote hivyo alikuwa bado anataka kumsikia Faidha akicheka. Hatimaye alikwenda kwa mjomba wake Khalfan, ambaye alimkuta shambani akipulizia mikorosho dawa ya salfa, kitambaa usoni, nyusi zimegeuka njano.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mama yako kaniambia." Mzee alivuta kitambaa chini. "Unampenda?"

"Nampenda."

"Mtoto umemwona?"

"Nimemsikia tu."

"Analia vizuri?"

"Kwa nguvu sana."

"Basi mzima." Khalfan alijipangusa mikono. "Mimi nikuulize. Ukinunua shamba, ukakuta mna mkorosho unaozaa, utaung'oa kwa kuwa hukuupanda wewe? Sisi Wamakua mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Ukimtaka mama, mtoto yumo humo humo. Ukimwona mtoto ni mzigo, basi mama hukumtaka, ulitaka sura yake. Amua wewe, mimi nina salfa inayoisha."

Alfani alisogea kati ya mikorosho, mbali na salfa. Kisha akatoa simu.

"Nani mwenzangu?" aliuliza Faidha, ingawa jina lilikuwa linamwangalia kwenye kioo.

"Mimi Alfani."

"Alfani yupi?"

"Nilistahili hilo. Nisamehe, Faidha. Nilifanya vibaya kuondoka vile."

"Ulifanya vibaya."

"Nataka kuja na mjomba. Kwa heshima, mbele ya wazee wako."

Faidha aliketi. Alikuwa amejiandalia maneno makali ya wiki nyingi, na sasa hakuyaona yalipo. "Jumamosi tunamtoa mtoto nje, arobaini yake imefika," alisema. "Wazee wote watakuwepo."

"Ndiyo vizuri. Mbele ya watu."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Kila mmoja alikata simu akiamini kwamba mwenzake ameelewa.

Jumamosi jua lilijitokeza Newala kidogo, la adabu. Mikeka ilitandikwa uani, wanaume upande wa mikorosho, wanawake barazani. Pilau ilinukia hadi barabarani. Hamudi, mume wa Anifa, alizunguka na sinia akicheka peke yake. Mama Anifa alivaa kanga mpya za doti moja na hakuficha tena kitu, alimwambia kila aliyeingia kwamba mjukuu wake ana uzito wa gunia. Faidha alikuwa ndani, amevaa gauni la kitenge cha kijani alilolishona mwenyewe, mikono yenye hina, akichungulia kwenye pazia.

Khalfan na Alfani walifika wamevaa kanzu. Alfani alikuwa na soksi miguuni, nene, za kijivu, na hakuona haya. Mfukoni alikuwa na jozi nyingine ndogo, urefu wa kidole, ambayo aliitafuta katika mabelo manne. Dua iliposomwa ikaisha, mjomba wake alisimama akakohoa.

"Mama Anifa, na wazee wa nyumba hii. Sisi tumetoka Masasi. Kijana wetu huyu amempenda binti yenu Faidha, anataka kumwoa. Na ninasema hili mbele ya watu ili lisije kusemwa pembeni. Tunampokea yeye pamoja na kichanga chake. Wote wawili. Wala hatuulizi baba yake ni nani."

Vijiko viliacha kugonga sahani. Hamudi aliliweka sinia chini polepole.

"Baba yake ni mimi," alisema Hamudi.

Mjomba Khalfan alimgeukia. "Wewe? Si umetupokea ukasema wewe ni mume wa dada yake?"

"Ndiyo."

"Astaghfirullah," alisema mjomba, akatafuta mkono wa Alfani aondoke naye.

Majirani walianza kunong'onezana. Jina la Faidha lilikuwa limesemwa mbele ya nusu ya mtaa kwamba amezaa nje ya ndoa, na kwa sekunde kadhaa, kwa kuonekana kuwa amezaa na shemeji yake, lilikuwa baya zaidi ya hapo. Mlango ulifunguka. Anifa alitoka, mtoto mikononi, uso umewaka.

"Mtoto ni wangu," alisema. "Mimi ndiye niliyemzaa, tena kwa taabu, na sitaki agawiwe mtu."

Kicheko kilianzia barazani kwa wanawake, kikavuka ua. Mama Anifa hakucheka. Jina lililochafuliwa lilikuwa la binti yake, na hata likisafishwa papo hapo, kuna watakaokwenda nalo nyumbani likiwa bado chafu. Faidha alipotoka ndani, watu walimpisha. Alitembea hadi mbele ya Alfani.

"Ulifikiri nimezaa?"

"Ndiyo."

"Ulifikiri nimekudanganya miezi yote ile?"

"Ndiyo." Alfani hakuinamisha kichwa, ingawa alitaka ardhi imfiche. "Nilikuona na soksi, na sweta, na uji. Kwetu anayevaa hivyo ni mzazi."

"Na hapa anayevaa hivyo ni mtu yeyote mwenye miguu," alisema Faidha. "Kwa nini hukuniuliza? Wewe unayeuliza kila kitu."

"Hilo niliogopa jibu lake."

"Ukakaa kimya wiki nzima nzima."

"Nilikuwa na uchungu."

"Na ulipokwisha ndipo ukaja na mjomba?"

"Haukwisha," alisema Alfani. "Nimekuja nao."

Faidha alimtazama. Mtu huyu alikuwa amemdhania vibaya, akamkimbia, akamwaibisha mbele ya watu. Na mtu huyu huyu, akiwa na hakika kwamba yule mtoto ni wa mwanaume mwingine, alikuwa amevaa kanzu, akapanda gari, akaja kusema namtaka na mtoto wake. Alijua hasira yake ina haki. Alijua pia kwamba anampenda, na machozi yalimtoka mbele ya wote bila kuyafuta.

Mama Anifa alishuka barazani, akasimama kati ya Faidha na wageni.

"Jina lililosemwa hapa ni lako, mwanangu, si langu," alisema. "Neno lako ndilo nitakalolishika. Wageni hawa wakae au waende?"

Mjomba Khalfan alikuwa ameshavaa kiatu kimoja.

"Wakae," alisema Faidha. "Ila huyu asikae karibu na njia ya kutokea."

Hamudi akamshika Alfani mkono, akampeleka mkeka wa ndani kabisa, ukutani, akamwekea sahani ya pilau.